Slaidi Sitini na Tatu

Jua huingia kwenye maabara ya zahanati ile ya Bukiriro kupitia dirisha moja, tena kwa saa tatu tu. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, kioo kidogo kilicho chini ya hadubini ya Adventina hushika mwanga na damu husomeka. Jua likishapanda juu ya bati, basi, kazi imekwisha hadi kesho. Nguzo za umeme zimeishia barabarani. Sola ililetwa, ndiyo, wageni wakapiga nayo picha siku ya kuizindua, na betri yake ikafa kabla ya mwaka kwisha. Tangu hapo mtu mwenye shahada ya sayansi ya maabara anafukuzana na jua kama mama anayeanika mihogo.

Asubuhi hiyo alikuwa ameinamia damu ya Francisca, mkulima wa maharage mwenye ujauzito wa miezi sita, aliyeingia akitetemeka, kanga mbili juu ya sweta. Ilikuwa homa yake ya pili ndani ya wiki mbili. Kipimo cha haraka cha malaria kilisema hana kitu. Mara ya kwanza pia kilisema hivyo, na akapewa dawa za malaria vivyo hivyo akarudi nyumbani. Francisca alishapoteza mimba mbili, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini.

Adventina hakutafuta sana. Katikati ya chembe za damu vililala vijidudu vyembamba, vimejiviringisha kama springi ya kalamu. Homa ya papasi. Papasi hukaa kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, watu wakilala wanatoka, wanauma, wanarudi mafichoni, na mwenye nyumba haoni hata kidonda. Wazee wa huku wanawajua tangu enzi za babu zao. Asiyewajua ni fomu ya taarifa ya kila mwezi, maana haina mstari wao. Mgonjwa wa papasi huandikwa "homa nyingine", na huko juu wanakojumlisha, Bukiriro haina papasi hata mmoja.

Ndiyo maana Adventina alikuwa akiziweka slaidi. Kwa miaka miwili, kila kipande cha kioo kilichobeba damu yenye zile springi, mgonjwa akiridhia, alikihifadhi kwenye sanduku la mbao kikiwa na namba yake tu. Kijiji, umri na tarehe aliviandika kwenye daftari. Hadi jana zilikuwa sitini na tatu. Alimwonyesha mganga wa zamu kile alichokiona, Francisca akaanzishiwa dawa inayostahili, akaambiwa alale kwenye benchi la wodi hadi jioni, kwa sababu dawa ya ugonjwa huu humtikisa mgonjwa kwanza ndipo imponye. Slaidi yake, ya sitini na nne, iliachwa dirishani.

Saa mbili na nusu simu ikalia mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa Bwana Maduhu, afisa utumishi wa Hospitali ya Rugina, hospitali binafsi ya upande wa Nyamiaga ambayo ndiyo inayoimiliki zahanati. "Ombi limepita. Hongera kwetu. Lete slaidi zote leo kabla ya saa nane."

Adventina aliusoma mara tatu. Kisha akalifunga sanduku.

Ni vizuri msomaji ajue ombi lenyewe. Wafadhili wa nje walitangaza nafasi moja kwa watafiti chipukizi wa mikoa hii: mafunzo ya miezi minne kwenye maabara kubwa, msimamizi wa kukuongoza mwaka mzima, na ruzuku ya kuanzia utafiti wako mwenyewe, pamoja na hadubini inayowaka kwa betri. Masharti yalikuwa mawili. Usiwe umewahi kuongoza utafiti, na shahada yako isizidi miaka saba. Ya Adventina ilikuwa inatimiza saba mwezi wa kumi na moja. Mitatu kati ya hiyo aliimalizia kwao Kibimba akipalilia maharage na mama yake, akisubiri ajira zitangazwe, na wakati huo hakuna aliyesimamisha saa. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi. Aliliandika andiko la kurasa kumi na moja kwenye simu, kwa dole gumba, wiki tano. Lakini ombi hupelekwa na mwajiri kwenye mfumo wa mtandaoni, na nywila ya mfumo anayo Maduhu peke yake.

Alimwambia Francisca kabla ya kuondoka. Francisca, pamoja na baridi yake, alicheka. "Sasa daktari utarudi na mashine ya kuwamaliza hawa wadudu?"

"Nitarudi na kitu cha kuwafanya waandikwe," alisema Adventina. "Wakiandikwa, dawa italetwa."

Kwenye pikipiki alilipakata sanduku. Kila shimo la barabara alijiinua kidogo ili mshtuko uishie miguuni kwake na usifike kwenye vioo. Alimpigia mama yake, mama akapiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Jamani, mtu akifurahi mwacheni afurahi. Alikuwa na furaha ya saa moja na dakika kumi, na hakuna atakayemrudishia.

Maduhu alimpokea vizuri. Alimvutia kiti, akamwuliza habari za barabara, akalifungua sanduku na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akampa barua iliyochapwa, ya Kiingereza, yenye nembo ya wafadhili. Adventina alianza katikati, pale macho yalipotua. Waliandika kwamba wamekuwa wakisoma maandiko kwa miaka mingi, na ni machache yaliyowagusa kama hili, hasa maelezo ya jinsi mtafiti anavyozisoma slaidi kwa mwanga wa dirisha, kati ya saa moja na saa nne, katika chumba kisicho na umeme. Machozi yalimlengalenga. Alipokuwa akiliandika andiko, sentensi ile aliifuta na kuirudisha mara nne, akiogopa wataona anajililia.

Ndipo macho yakapanda juu ya ukurasa kuangalia barua imeandikwa kwa nani. Iliandikwa kwa Bwana Projestus.

Projestus ndiye mkuu wa maabara ya hospitali. Maabara yake ina umeme, ina jenereta, ina hadubini mbili zinazowaka. Atastaafu Desemba.

"Bosi, hapa pana makosa," alisema Adventina.

Maduhu hakubabaika, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alieleza polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda sokoni. Menejimenti ilikaa. Mzee ameitumikia taasisi miaka thelathini na mbili, hajawahi kusafirishwa hata semina ya siku mbili. Anastaafu, nyumba yake ya Biharamulo bado haina bati, na posho ya miezi minne si haba. Ndivyo tunavyoagana na watu wetu, alisema; mwaka juzi mhudumu wa stoo alipelekwa kwenye mafunzo ya chanjo, na alishukuru sana.

"Masharti yanasema mtafiti chipukizi."

"Shahada yake ya jioni ina miaka minne. Na hajawahi kufanya utafiti hata mmoja." Maduhu alifungua mikono. "Masharti yote anayo, tena wewe muda wako ulikuwa unakaribia kuisha."

"Andiko nimeandika mimi."

"Andiko ni la taasisi, Adventina. Umeliandika ukiwa mwajiriwa wa nani?"

Aliuliza kama nafasi nyingine itakuwepo. Ipo, alijibiwa, kila taasisi huruhusiwa jina moja kwa miaka mitatu. Wewe bado mdogo, utapata. Aliuliza tena, safari hii kwa sauti iliyoanza kukauka, kama Maduhu amesoma ukurasa wa pili, ule wa wajawazito. Maduhu alisema yeye si mtu wa fani hiyo. Alimwambia akamkabidhi mzee slaidi, na kama kuna lolote la kumwelekeza amwelekeze vizuri, kwa sababu wafadhili wanataka kila mshiriki aende na slaidi za kwao, na gari linaondoka saa tisa.

Hebu niambieni, hapo mtu anafanya nini? Akipiga kelele, mkataba wake unaisha Juni na anayeusaini yuko mbele yake. Akiwaandikia wafadhili, barua itajibiwa kwenye mfumo, na mfumo ni wa Maduhu. Kila mlango una ufunguo mmoja, na funguo zote ziko kwenye mfuko wa mtu mmoja anayeamini kwa dhati kwamba anatenda wema. Adventina alisema sawa. Akalibeba sanduku lake mwenyewe hadi maabara ya hospitali kulikabidhi.

Mzee Projestus alikuwa amevaa suti. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti." Kisha, kabla hata hajaketi, "Sikuliomba mimi hili. Waliniita juzi wakaniambia nisaini."

"Na ulisaini."

"Nilisaini." Alilitazama sanduku, hakuligusa. "Mwanangu, nitakuwa nyumbani Januari. Mke wangu analala chini ya turubai tangu mvua za vuli. Ulitaka niseme nini?"

Adventina alimkasirikia, akashindwa kumchukia, na hilo likamwongezea hasira. Wakubwa walitaka yeye na mzee wagombanie kipande kimoja cha mkate, wakati aliyekikata yuko ofisini anakunywa chai.

Mzee alitoa slaidi ya kwanza, akaiweka chini ya hadubini yake nzuri yenye taa. Aliinama. Akazungusha, akazungusha tena. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alipoinua uso, Adventina aliona ule ukungu mweupe kwenye mboni zote mbili, akaelewa kwamba mkuu wa maabara hasomi damu tena, na pengine ni miaka sasa.

"Huku wanajua?" alimwuliza.

"Vijana wanasoma, mimi nasaini." Alishusha sauti. "Nisaidie kitu kimoja. Niwekee alama mahali walipo wadudu. Duara dogo tu, nijue pa kuwaelekeza watu watazame."

Alimpa kalamu ya ncha ya almasi, ile ya kuchorea vioo. Adventina aliketi kwenye kiti cha mzee, akawasha taa. Mwanga ulikuwa mweupe, umetulia, haumkimbii. Angeweza kukaa nao hadi jioni. Kwa miaka miwili hajawahi kuziona springi zake waziwazi namna ile, na sasa anaziaga.

Alichora duara kwenye slaidi ya kwanza. Kisha akakishika kioo pembeni, mahali pasipo na damu, akakwaruza: Adventina, Bukiriro. Kioo kilipiga kelele nyembamba. Akachukua ya pili. Duara, jina, kijiji. Ya tatu. Mkono ulianza kuuma kwenye ya ishirini, kwenye ya arobaini kidole kilitoka lengelenge, hakuacha. Mzee aliketi upande wa pili wa meza akisikiliza. Duara halichukui muda ule, na miaka thelathini na mbili ya vioo humfundisha mtu sauti zake. Alipokea slaidi moja iliyokwisha, akapitisha kidole gumba pembeni, polepole, herufi kwa herufi. Akairudisha sandukuni.

Saa tisa kasoro Maduhu aliingia kuharakisha. Aliinua slaidi moja dhidi ya dirisha ili aonekane anazikagua. Akasoma. Akainua nyingine.

"Hii ni nini? Nani kakutuma uandike jina?"

"Mzee alihitaji alama."

Maduhu alidaka pamba, akailoweka kwenye spiriti, akasugua. Akasugua tena kwa ukucha.

"Haifutiki," alisema Adventina.

Maduhu alimgeukia mzee. Projestus alikuwa anafunga kifuniko cha sanduku, akihangaika na komeo asiloliona vizuri. "Slaidi zimekamilika," alisema. "Gari lipo?" Hakumtetea, hakumshtaki. Alitoka na sanduku chini ya kwapa la suti, na Adventina alimwona akijiinua kidogo alipokanyaga ngazi, kulinda vioo.

"Tutaongea kuhusu mkataba wako," alisema Maduhu.

"Ndiyo, bosi."

Alifika Bukiriro saa kumi na moja. Francisca alikuwa ameketi kwenye benchi, jasho limekauka, amekula uji. Mtoto anacheza, alisema, akaushika mkono wa Adventina na kuuweka tumboni ahakikishe. Alicheza kweli.

"Enhe? Unaondoka lini?"

"Ameondoka mtu mwingine."

Francisca alimtazama. Hakuuliza nani wala kwa nini; mtu wa huku haulizi hayo, anayajua. Aliuliza jingine.

"Na damu yangu kaondoka nayo?"

"Yako hapana. Yako niliiacha dirishani."

Aliingia maabara. Jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba, chumba kimeanza kuwa na giza la kijivu, na slaidi ilikuwa pale pale alipoiacha. Alipotia mkono mfukoni atafute kalamu, alikutana na ile ya ncha ya almasi. Hakukusudia kuichukua. Hakukusudia kuirudisha pia.

Alikwaruza jina na kijiji pembeni ya kioo. Kisha akafungua daftari, akaruka kurasa zote zilizojaa hadi karatasi nyeupe, akaandika tarehe, mwanamke, mjamzito, miezi sita. Kwenye safu ya kwanza, mahali pa namba, aliandika moja.