Kimya Katikati ya Tangazo

Watu walianza kufika nyumbani kwa Abdulazizi Chilumba, kijijini Chilangala, wakilia na kujifunika nyuso kwa kanga, na aliyewatokea uani kuwapokea alikuwa Abdulazizi mwenyewe.

Kifo kilikuwepo kweli, ila hakikuwa chake. Aliyefariki ni shangazi yake, Bi Bimdogo, mwanamke mtu mzima ambaye Abdulazizi alikuwa akimuuguza hapo nyumbani tangu masika. Alfajiri Abdulazizi alipiga simu Redio Ukingo, Masasi, akatoa tangazo la kifo kama wafanyavyo watu wote wa uwanda wa juu, kwa kuwa ndugu zake wametapakaa hadi Tandahimba na Mtwara. Redioni Mzee Fakihi akaliandika, akalirekodi kwa sauti yake nzito inayojulikana na kila nyumba, na saa moja na nusu likaenda hewani.

Lakini waliosikiliza walisikia hivi: "Ndugu Abdulazizi Chilumba wa Chilangala, wilayani Newala..." Kisha kimya. Kimya cha kutosha mtu kuweka kikombe chini na kuongeza sauti ya redio. Kisha: "...maziko ni leo alasiri, hukohuko kijijini. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki wote."

Binti yake Swaumu, aliyeolewa Tandahimba, alikuwa akichekecha unga. Aliuacha ungo palepale, akatoka bila viatu, akapanda bodaboda akilia njia nzima. Alipofika Chilangala alimkuta baba yake amesimama katikati ya ua akiwaelekeza vijana mahali pa kutandika majamvi. Alimpiga ngumi za kifua, mbili tatu, kama mtoto, ndipo akamkumbatia.

"Mbona unanipiga, mwanangu?" Abdulazizi alimuuliza.

"Umenifia redioni, baba," akasema Swaumu.

Simu zikaanza kumiminika Redio Ukingo. Wengine waliuliza, wengine walitukana. Meneja wa redio, Mrisho, akamwita Mzee Fakihi ofisini na kumwambia kwamba ameruka mstari.

"Sikuruka," alijibu Fakihi. Alikuwa ametangaza vifo vya watu wa Masasi na Newala tangu redio hiyo ilipokuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi. Hajawahi kukosea hata jina la ukoo. Lakini alipoona Mrisho anatazama chini, naye akaanza kujitilia shaka. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu. "Labda ni macho haya. Umri nao umekwenda."

"Basi pumzika kidogo, mzee wangu. Matangazo atasoma mwingine mpaka tujue."

Maneno hayo yalisikiwa na Hamida, fundi wa mitambo ya redio, aliyekuwa amefika mlangoni. Hamida ni mzaliwa wa Masasi, mama wa mtoto mmoja, Mujibu. Ana tabia ambayo wenzake waliizoea polepole: kitu kikiharibika hagusi waya wala kitufe mpaka awe amesikiliza kwanza.

"Baba Tahiri," alimwambia meneja huku akimtazama Mzee Fakihi, "kabla Baba Shamila hajapumzishwa, naomba tusikilize alichorekodi."

Wakaingia studio. Hamida akafungua sauti kama ilivyohifadhiwa asubuhi ile. Ikasikika yote, bila kigugumizi: "Ndugu Abdulazizi Chilumba wa Chilangala, wilayani Newala, anasikitika kutangaza kifo cha shangazi yake mpendwa, Bi Bimdogo, kilichotokea usiku wa kuamkia leo. Maziko ni leo alasiri..."

Kisha akafungua sauti nyingine, ile inayorekodiwa kutoka hewani. Hapo ndipo kile kimya kilipokuwa, kimekaa katikati ya jina na maziko.

"Umesoma lote, baba," Hamida alisema.

Mzee Fakihi akavuta kiti akakaa. "Sasa nani kameza maneno yangu?"

"Hilo ndilo la kulitafuta. Njoo ukae na mimi tulitafute."

Redio Ukingo ina seva moja tu, kompyuta kubwa inayobeba kazi zote za redio. Ndani ya seva hiyo kuna mashine tatu ambazo huwezi kuzishika kwa mkono. Mafundi huziita mashine pepe. Moja inarusha matangazo hewani. Ya pili inabeba tovuti na ujumbe wa wasikilizaji. Ya tatu inageuza kanda za zamani kuwa sauti za kompyuta. Kila moja inajiona ni kompyuta kamili yenye mwili wake, kumbe zote zinagawana memori ileile, yaani nafasi ya kufanyia kazi, na prosesa ileile, yaani ubongo wa kompyuta.

Hamida alifungua ukurasa wa usimamizi. Upande wa kushoto yalipangwa majina ya mashine, upande wa kulia zikatambaa chati za kijani na machungwa. Akairudisha chati nyuma hadi saa moja na nusu. Mstari wa mashine ya kanda ulikuwa umepanda hadi juu kabisa, na mstari wa matangazo umebanwa chini.

Fundi wa mkataba aliyefunga seva hiyo aliacha mipangilio kama ilivyokuja: mashine zote zina kipaumbele cha kawaida, hakuna iliyotengewa chochote, hakuna iliyowekewa mpaka. Hamida alipoajiriwa aliikuta hivyo, na kwa kuwa kazi ilikuwa ndogo, hakuna aliyeumia. Ila wiki ile Winfrida, mtunza maktaba ya sauti, alikuwa ameanza kugeuza kanda kadhaa kwa mpigo.

Hamida hakuridhika na chati peke yake. Alimwomba Winfrida awashe kanda zake kama alivyoziwasha asubuhi ile, kisha akacheza tangazo la Chilangala kwenye njia ya majaribio isiyokwenda hewani. Wote wanne wakasikiliza. "Ndugu Abdulazizi Chilumba wa Chilangala, wilayani Newala..." Kimya.

"Ndo hapo!" Mzee Fakihi aliruka kitini. "Ndo hapohapo!"

Mrisho akashika kichwa. "Nisamehe, Baba Shamila. Nilikimbilia kukuhukumu." Kisha akamgeukia Hamida. "Sasa zipe mashine zote kipaumbele cha juu, tumalize."

Hamida akacheka. "Baba Tahiri, ukiwaketisha wageni wote mstari wa mbele, mbele ni wapi tena?"

Akaanza kazi. Aliisimamisha kidogo mashine ya kanda, akafungua mipangilio ya mashine ya matangazo, na kwenye nafasi ya memori akaitengea kiasi chake cha uhakika, kiasi ambacho hakuna jirani atakayeruhusiwa kukigusa hata kama kimekaa bure. Mashine ya kanda akaiwekea mpaka isiuvuke. Alikuwa akisema kila anachofanya, polepole, huku akimtazama Mzee Fakihi kuona kama wako pamoja. Akahifadhi, akarudia jaribio. Sauti ikatiririka kutoka mwanzo hadi "jamaa na marafiki wote".

Jioni ile Mzee Fakihi alirudi kwenye kipaza sauti.

Fundi mwingine angefunga kompyuta na kwenda zake. Lakini kesho yake Winfrida alimfuata Hamida amenuna. Maktaba yake ni chumba kidogo chenye masanduku ya kanda za kaseti: wanawake wa Newala wakiimba kwa Chimakonde, wazee wa Kiyao wakisimulia walivyohamia Masasi, vicheko vya watu ambao wengi wao hawapo tena. Ukungu umeanza kuzila. Baadhi zinapochezwa huacha unga wa kahawia kwenye mashine.

"Dada Hamida," alisema, "redio imepona, mimi nimefungwa miguu. Kanda niliyoianza asubuhi, hadi adhuhuri inaadhiniwa bado haijageuzwa. Na hii haitachezwa mara ya pili. Itakatika."

Hamida alikuwa na jibu tayari, kwamba matangazo ni kwanza. Hakulitoa. Aliichukua ile kanda, akaigeuza mkononi, akasoma maandishi ya kalamu yaliyofifia ubavuni. Kisha akaenda kukaa mbele ya ukurasa wa usimamizi, na siku nzima, katikati ya kazi nyingine, akawa anarudi kuutazama.

Aliyoyaona yalimkera. Mashine ya matangazo ilikuwa ikicheza muziki kwa utulivu, haina shida yoyote. Mashine ya kanda ilikuwa imejibana kwenye mpaka wake. Na nje ya mpaka huo kulikuwa na memori tele isiyotumiwa na yeyote, na prosesa inayopiga miayo. Zaidi ya hayo, mashine ya tovuti ilikuwa imepewa sehemu kubwa ambayo tangu izaliwe haijaitumia hata nusu.

"Ule mpaka niliuweka kwa woga," alimwambia Winfrida. "Nilikuwa nimeshtuka kwa ajili ya yule baba wa Chilangala. Ngoja niufanye kwa akili."

Akaufuta mpaka. Ile akiba ya matangazo akaiacha palepale. Kisha akagusa kitu ambacho mara ya kwanza hakukigusa, yaani hisa: nani atangulie pale zinapogombania. Matangazo akayapa hisa za juu, kanda hisa za chini, na tovuti akaipunguzia memori ikabaki na inayoitosha. Kwa mpangilio huo kanda zingeweza kutumia kila kilicho wazi, lakini matangazo yakihitaji, zinapisha zenyewe bila kuambiwa na mtu.

Safari hii alitaka jaribio gumu. Winfrida akawasha kanda nyingi kuliko siku zote. Mrisho akaambiwa atume ujumbe mwingi kwenye tovuti. Mzee Fakihi akaja na kiti chake mwenyewe, akakaa karibu na skrini hadi Hamida akalazimika kusogea.

Tangazo likaanza. Kwenye chati, mstari wa kanda ukainama, mstari wa matangazo ukapanda, sauti ikapita safi yote. Tangazo lilipokwisha, mstari wa kanda ukarudi juu na kuendelea na kazi yake.

"Rudia," alisema Mzee Fakihi.

Hamida akarudia. Mistari ikapishana tena.

"Subhanallah," mzee akasema taratibu. "Sauti yangu inapita, zingine zinasogea pembeni. Na hakuna aliyelala njaa." Hakuondoa macho kwenye skrini. "Mama Mujibu, miaka yote hii nilidhani kazi ya kutangaza inaishia mdomoni mwangu."

Winfrida alikuwa ameshapachika kanda nyingine, na chumbani mwake mwanamke asiyejulikana na yeyote alikuwa akiimba.

Bado Hamida hakuwa amemaliza. Aliomba ruhusa ya kwenda Chilangala.

"Tumeomba radhi hewani, tena zaidi ya mara moja," Mrisho alisema.

"Yule mtu ameliliwa yu hai, Baba Tahiri. Radhi yake ni ya uso kwa uso. Na mashine iko chini yangu."

Jumamosi wakapanda gari yeye na Mzee Fakihi. Waliiacha miamba ya Masasi nyuma, wakapanda hadi Newala, na hapo wakachukua bodaboda mbili. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na harufu ya salfa, dawa inayopuliziwa mikorosho, ilitanda njiani.

Abdulazizi aliwapokea barazani. Hamida akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Alipomsikia Fakihi akisalimia, akasimama. "Hii sauti! Ndiyo iliyoniua?"

"Ndiyo hii, kaka. Nimekuja unione."

Abdulazizi akacheka mpaka akakohoa, na Fakihi, aliyekuwa amejikaza njia nzima, naye akacheka. Hamida hakucheka. Alingoja watulie, kisha akaeleza tangu mwanzo: seva, mashine tatu, ile iliyobanwa, na kwamba Mzee Fakihi alisoma kila neno. "Mimi ndiye niliyepaswa kuigawa vizuri mapema," alisema. "Nilingoja hadi ikakuumiza wewe na binti yako. Tunaomba radhi, na tunawapa pole ya shangazi."

Swaumu, aliyekuwa hajarudi kwake bado, akaleta maji ya kunawa, maji ya mvua yaliyohifadhiwa kisimani, akiyamimina kwa uangalifu maana huko maji ni adimu. Akaweka sinia la ming'oko, viazi vya porini, ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili.

"Mwanangu," Abdulazizi alisema mwishowe, "siku ile niliona mambo. Yupo jirani yangu hapo, tumegombana juu ya mpaka wa mikorosho hadi tukaacha kusalimiana. Alikuja hapa analia, anasema kwa sauti, 'Nimemdhulumu mtu mwema.' Mimi niko nyuma yake, namsikia. Nikamgusa bega. Nusura azimie." Akatabasamu. "Alikaa akanisaidia kuchimba kaburi la shangazi. Jana tumekwenda pamoja kuuweka mpaka upya. Kwa hiyo radhi nimeipokea. Ila msinifanyie hivi tena."

"Haitatokea tena, baba. Nimeijaribu kwa kila namna."

"Nakuamini. Mtu aliyepanda mpaka huku kwa jambo ambalo angeweza kulimaliza kwa simu, huyo namwamini." Akasogeza sinia mbele yake. "Kula, Mama Mujibu."

Wakala. Baadaye Abdulazizi alimwomba amweleze tena ile habari ya hisa, maana hakuielewa vizuri, naye Hamida akamweleza akipanga ming'oko juu ya sinia, mkubwa ukiwa matangazo na midogo kanda na tovuti. Swaumu akainama kutazama, akauliza maswali ambayo Hamida mwenyewe ilibidi afikiri kabla ya kuyajibu.

Alasiri, kwenye gari la kurudi Masasi, Mzee Fakihi alimpigia simu mkewe. Aliongea kwa sauti ileile ya hewani, abiria wote wakawa wanasikia.

"Mama Shamila, tumesamehewa... Ndiyo, na ming'oko tumekula... Sikiliza, huyu Mama Mujibu wewe unamwona anapita na mkoba wake tu. Ungemwona anavyofanya kazi! Alikuwa ameshaitengeneza ile seva, imepona, kila mtu ameridhika. Akaivunja tena ili na yule binti wa kanda apate haki yake... Ee. Halafu akaja kuomba radhi ya kosa ambalo hakuna aliyemshikia."

Hamida aligeukia dirishani akajifanya anatazama mteremko. Abiria wa kiti cha mbele, mama mwenye mtoto na ndoo mbili tupu, aligeuka kumtazama vizuri, kisha akamsogezea mtoto wake ampakate, kwa kuwa gari lilikuwa limejaa na kona zilikuwa zimeanza.