Antena ya Mifupa

Siku ya tano mama Alice aliingia tena katika ofisi ya wasafirishaji wa miwa, akaketi kwenye benchi lile lile, mkoba magotini. Miwa yake ilikuwa imekatwa na kulazwa chini kule Malava tangu Jumatatu, inakauka, na kiwanda hakipokei makapi. Akikosa trekta kufikia kesho, palizi ya miezi ishirini ingekuwa kuni.

"Trekta inakuja leo, mama," alisema Roda, karani wa redio, na aibu ikamshika, maana hata jana alisema hivyo hivyo.

"Kungoja nimezoea, mwanangu."

Roda alitamani kulia. Kazi yake ilikuwa kuwaita madereva redioni na kuwatuma mashambani, lakini madereva wenyewe walishaonja raha ya kutosikika. Ukimwita mtu saa nne, anakujibu saa tisa: "Madam, redio inakataanga huku." Redio gani hiyo, inakataa kazi lakini haikatai kuuliza mshahara?

Mwezi mmoja nyuma meneja Osiako alikuwa amekubali antena mpya ifungwe nje ya ofisi, na fundi Weldon akaleta mbili wachague. Ya kwanza ilikuwa fimbo moja ndefu. Hiyo, alisema, inasikia pande zote sawasawa. Ya pili ilikuwa bomba lenye vyuma vilivyokingama, imekaa kama mifupa ya samaki. Hiyo inasikia mbali zaidi, ila pale tu ilipoelekezwa, kwingine ni kiziwi.

Roda alitaka fimbo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angetaka fimbo. Lakini Osiako hakuwa mtu wa kuchagua hata rangi ya pazia bila kamati, akasema madereva ndio watumiaji, wapige kura. Bramwel, mwenyekiti wao, alifungua mkutano kwa maombi marefu, kisha akaisifu ile ya mifupa mpaka jasho likamtoka: ni imara, ni ya kisasa, inapendeza hata ukiitazama kutoka barabarani. Mikono yote kumi na miwili ikapanda. Antena ikaelekezwa Malava, kwenye miwa mingi, na tangu siku hiyo aliyetaka kupumzika alijua pa kwenda: Sigalagala, upande wa pili kabisa. Watu wazima hao, na mvi zao.

Basi siku hiyo ya tano mvua ya alasiri ilikuja na upepo wake. Roda akamwita Bramwel kwa mara ya nane. Sauti ikatoka kwa mbali, imejaa mikwaruzo.

"Madam, niko hapa Malava, kwa shamba ya huyo mama. Matope imenishika. Nasukuma, nasukuma, lakini..."

Hapo sauti ikawa safi ghafla. Ilikuwa safi kiasi kwamba Roda alimsikia akimeza. Nyuma yake sahani ziligongana, na mwanamke akauliza kama amletee mchuzi mwingine wa ingokho, yaani kuku, hapo hapo kwenye trekta.

Roda akatazama dirishani. Upepo ulikuwa umelegeza boliti, na ile antena ilikuwa imegeuka pole pole mpaka ikatazamana na Sigalagala.

"Bramwel," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "maliza kula. Saa kumi na moja naigeuza hii kitu Malava, na nikukute huko."

Akakutwa. Miwa ya mama Alice ilifika kiwandani asubuhi yake, nyepesi kidogo, lakini ilipokelewa.

Roda alimwomba Weldon afunge mkono wa kuzungushia, na tangu hapo dereva akisema yuko mahali fulani, alitoka nje akazungusha na kuhakikisha. Haikupita wiki, Bramwel akaja na wajumbe watatu. Aliomba dua ndefu kuliko ile ya kwanza, kisha akasema wamefikiri upya, wanaona ile fimbo ni bora kwa sababu inasikia watu wote bila ubaguzi. Roda akamjibu kwamba kura ilishapigwa.

Alhamisi mama Alice alimletea Roda kuku hai, amefungwa miguu. Aliketi kwenye benchi lake, akaitazama antena dirishani kwa muda.

"Hiyo kitu inaonyeshanga mtu mahali ako?"

"Inaonyesha, mama."

"Basi igeuze Eldoret. Mzee wangu alienda kutafuta kazi huko mwaka wa sabini na tisa. Alisema atarudi wakati wa mavuno."

"Ana redio, mama?"

"Hana. Jaribu tu."

Roda akatoka, akazungusha antena mpaka ikaelekea Eldoret, akarudi na kufungua sauti yote. Ukatoka mvumo mtupu, shiii, bila neno hata moja. Mama Alice akainamisha kichwa, akasikiliza kwa makini, kuku naye kimya mapajani.

"Ni yeye," alisema mwishowe. "Hata nyumbani alikuwa anaongeanga hivyo."