Komeo la Bunduki ya Baba

Bunduki kuukuu za vita zilijaa ukutani kwa Gottlieb, za Wafaransa, za Waprusia, za Waaustria, na kila moja namba zilizochongwa kwenye vyuma vyake zinalingana, kuanzia mtutu hadi komeo, kile chuma cha nyuma kinachofungia risasi ndani. Wakusanyaji wenzake kule bonde la Emmental, Uswisi, walimwonea gere. Ila ile ya Uswisi, ya marehemu baba yake, ilikuwa na pengo: haina komeo. Baada ya mazishi yeye na mdogo wake, Res, waligombania urithi. Gottlieb akabeba bunduki. Res akachomoa komeo, akalitia mfukoni, akaenda zake. Jamani, watu wazima wale! Miaka ikapita hawasemezani, na nyumba zao zinatazamana bondeni.

"Si ununue komeo jingine," mkewe Rösli akamwambia.

"Namba haitalingana."

"Namba, namba! Sema tu umemkumbuka mdogo wako. Utakufa ukisema?"

Gottlieb akanuna. Lakini Jumapili alivaa koti, akateremka bondeni, akapanda upande wa pili.

Res akafungua mlango. Alikuwa amezeeka, mvi mpaka kwenye nyusi.

"Umefuata chuma chako."

"Nimefuata."

"Basi ingia, baridi inaniingilia ndani."

Akaleta komeo limeviringwa kitambaa. Lilikuwa linang'aa kwa mafuta.

"Kumbe umelitunza?" Gottlieb akashangaa.

"Nalipaka mafuta kila mwaka, kama alivyotufundisha baba. Ulidhani nimelitupa, kichwa ngumu wewe?"

Gottlieb akalishika. Namba ileile! Furaha ikamjaa, halafu hofu ikamwingia palepale: akishalibeba hili, atarudi hapa kwa kisingizio gani? Machozi yakamlengalenga.

Wakala nyama ya moshi na viazi vya kukaanga. Wakacheka mpaka mbavu zikawauma, wakikumbuka siku baba alipokosa shabaha akatoboa ndoo ya maziwa ya jirani. Jioni Gottlieb akavaa koti lake. Komeo akaliacha mezani.

"Kaka, umesahau chuma chako!"

"Mfuko umetoboka. Nitalifuata Jumapili ijayo."

Res akalitazama lile koti. Jipya, halina hata uzi uliolegea.

"Na Jumapili ijayo ukiwa bado umetoboka?"

"Rösli mvivu wa kushona, unamjua."

Res akaliviringa tena komeo taratibu, akalirudisha kabatini.

"Basi uje mapema, kaka," akasema. "Jumapili zangu ni ndefu mno."