Uji wa Mama wa Kibandani

Neno lenyewe lilikuja na Bi Mkubwa, muuguzi mkuu wa hospitali yetu. Alitukusanya kwenye chumba cha kukunjia mashuka, wafagiaji, wapishi, wafuaji na mimi wa getini, akatuambia kuanzia siku hiyo kila mtu afanye kazi kwa upambanuzi.

"Upambanuzi ni kutofautisha jambo na jambo linalofanana nalo," alisema. "Sheria ipo, lakini mtu anatumia akili. Kuna wa kumzuia na kuna wa kumpisha."

Nikanyoosha mkono. "Sasa mama, mtu kaja na bakuli, na mwingine kaja na bakuli. Nimpishe yupi?"

"Ndiyo huo upambanuzi wenyewe, mzee."

"Upi?"

Wafuaji wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema wengine tumezoea kubishana badala ya kujifunza, akafunga mkutano. Hivyo ndivyo wakubwa walivyo. Kazi wanakupa wewe, na kosa likitokea wanakuwa hawakuhusika.

Haikupita wiki nikamzuia bwana mmoja mwenye gari la fahari, aliyekuwa akipiga honi kama anafukuza mbuzi. Kumbe ni daktari mpasuaji mpya. Bi Mkubwa akateremka mwenyewe kunisema mbele za watu. Eti sikupambanua. Nikamwuliza, daktari ana alama gani usoni? Akanambia nisimjibu.

Basi. Halafu akaja yule mama.

Alikuja asubuhi, saa za kutazama wagonjwa bado kabisa, kashika chupa ya uji kaikumbatia kifuani. Binti yake alikuwa amelazwa, kavunjika mguu.

"Baba, nakuomba. Mwanangu hajatia kitu mdomoni tangu jana. Wamemwacha na njaa tu."

Mimi nina mambo yangu. Marehemu mke wangu alifia hospitali nyingine, kaniagiza maji ya moto, na mimi niko nje ya geti na birika mkononi, mlinzi ananiambia saa bado. Saa ilipofika, birika lilikuwa limepoa na yeye pia. Mlinzi yule simlaumu. Alikuwa akitii wakubwa wake, na wakubwa wake walikuwa wamelala. Kwa hiyo mama alipotaja njaa nilifungua geti dogo, nikatazama pembeni, nikasema pita upesi.

Binti akanywa uji wote. Kumbe alikuwa anangojewa chumba cha upasuaji asubuhi ile ile, na anayepigwa nusukaputi hatakiwi kuwa na kitu tumboni, asije akatapika akapaliwa. Kitandani kwake walikuwa wametundika kibao cha kuzuia chakula. Kitandani! Mimi niko getini, macho yangu yapande ngazi? Na mama naye kibao hakukisoma, macho yake yalikuwa kwa mwanawe.

Upasuaji ukaahirishwa. Daktari, yule yule wa gari, akapaza sauti mpaka wapishi wakatoka nje kusikiliza. Bi Mkubwa akaniita.

"Nilisema utumie akili."

"Nimetumia, mama. Nimeona mwenye njaa."

"Kosa moja tena, mzee, unavua sare. Sitarudia."

Nyumbani nina binti wa mwisho na mama mkwe asiyetoka kitandani, wote wanakula kwa sare hiyo. Nikarudi getini.

Lakini kilichonichosha zaidi ni yule mama. Alipotoka alisimama mbele ya kibanda changu, akanitazama kama mwizi.

"Na wewe baba, si ungenizuia?"

"Ulinililia!"

"Nililia, ndiyo. Mimi mzazi, lazima nilie. Wewe kazi yako ni kukataa."

Akashika njia na chupa yake tupu.

Kesho yake tena huyu hapa, na chupa ile ile.

"Hupiti," nikasema kabla hajasalimia.

"Kashapasuliwa, baba. Wamemwingiza alfajiri. Nesi kanipigia simu, kasema nilete uji."

"Nesi yupi?"

"Nitamjuaje jina? Nesi!"

"Jana hukutaja upasuaji."

"Jana sikujua. Leo najua. Kwa nini jana ulikuwa mlaini na leo umekuwa ukuta?"

"Jana nilikuwa mjinga, mama. Leo nimeelimishwa."

Akacheka kwa hasira, akakaa chini pale pale kwenye mlango wa kibanda. Ndani ya kibanda ipo simu ya kupigia wodini. Nikaipiga. Ikalia, ikalia, hakuna aliyepokea. Hiyo simu imewekwa pale kama ua la plastiki. Nikimpisha na ni uongo, naua mtoto wa watu na kazi imekwenda. Nikimzuia na ni kweli, mgonjwa anakaa na njaa kwa ajili ya woga wangu. Na mwenye neno lake yuko ofisini anakunywa chai.

"Inuka," nikasema. "Nipe hiyo chupa. Tunakwenda wote."

Nikafunga geti kwa kufuli, ufunguo mfukoni, nikapanda ngazi na chupa, mama nyuma yangu akinihimiza kama punda. Wodini nesi alikuwa anambadilishia binti mto. Mguu umefungwa bandeji, macho mazito.

"Anaruhusiwa uji?" nikauliza.

"Mbona mmechelewa? Mpeni kidogo kidogo."

Mama akaninyang'anya chupa bila asante. Binti akameza kijiko cha kwanza, akafumba macho, akafungua mdomo tena.

Huko nje honi. Ile ile, ya kufukuza mbuzi. Nilimkuta Bi Mkubwa kwenye ngazi.

"Nani kafunga geti?"

"Mimi. Nilikuja kuhakikisha kama..."

"Geti limeachwa! Daktari karudi, yuko nje!"

"Mama, uliniambia nipambanue. Getini nisingeweza, nikapanda."

"Sare," akasema, na mkono kaunyoosha.

Hakunipa hata nafasi ya kwenda kuifua. Nikavua shati pale kwenye ngazi, nikampa na ufunguo, nikateremka na fulana yangu yenye tundu begani. Alinipita mbio, akafungua geti mwenyewe, gari likaingia, naye akaingia nalo akiomba radhi. Nyuma yao geti likabaki wazi, kibanda kitupu, na watu wakaanza kumiminika na vyombo vyao vya chakula kama sokoni.

Nikasema hayanihusu. Nilikuwa nimeshavuka barabara nusu, kijana mmoja akanipita na sufuria imefungwa kitambaa, inatoa mvuke.

"Wewe! Mgonjwa wako anapasuliwa lini?"

"Leo mchana."

"Basi hiyo sufuria haiingii. Irudishe."

Akasimama, akaitazama fulana yangu, kisha tundu lake.

"Kwani wewe nani?"