Picha Isiyo na Mnyama

Majirani walimwita Mama Ndege, ingawa hakuwa na mtoto wala kasuku. Jina lilitokana na kazi yake: alichora wanyama wa porini, ndege hasa, katika chumba cha nyuma chenye dirisha moja na harufu ya rangi za mafuta isiyotoka hata mlango ukishinda wazi. Kwa miaka kumi na minane, kaka yake ndiye aliyekwenda porini na kamera, yeye akabaki na brashi. Kaka alikuwa akirudi ana tope hadi magotini, anamwaga picha mezani na kusema, "Haya mdogo wangu, chagua mchumba." Naye huchagua.

Kisha miguu ya kaka ikaanza kumsaliti. Mwanawe akaja kumchukua, akaenda kuishi naye mji wa mbali, safari ya siku mbili. Aliacha kamera juu ya kabati na maboksi manne ya picha. Mama Ndege akazichora moja moja, bila haraka. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali.

Siku moja alimpelekea fundi wa fremu picha ya korongo. Fundi, mtu asiyejua kumung'unya maneno, akaiinua kwenye mwanga.

"Mama Ndege, usinichukie. Huyu tumeshaonana."

"Wapi? Rangi haijakauka hata."

"Umemgeuza shingo tu. Mwaka jana alikuwa anatazama kushoto."

Alicheka, ili fundi asione kwamba neno lile limemchoma. Nyumbani akayashusha maboksi, akapekua yote manne. Fundi alisema kweli: hapakuwa na picha ambayo hakuwa ameichora walau mara mbili. Jioni hiyo alikula amesimama, sufuria mkononi, kama alivyozoea tangu kaka aondoke. Kutandika meza kwa ajili ya mtu mmoja kulimtia uvivu.

Akapiga moyo konde. Kesho yake alichukua kamera, akashika njia ya bwawa lililo nyuma ya kiwanda cha matofali, kule kaka alikopenda kwenda.

Picha zake za wiki ya mwanzo zilikuwa aibu tupu: matako ya bata, tete moja nene lililoziba kila kitu, kidole chake mwenyewe. Ndege walimsikia kabla hajafika. Picha ya kidole ilimchekesha kwa sauti, na sauti hiyo ikamshtua. Alikumbuka kwamba hakuwa ameisikia tangu juzi.

Akajifunza kukaa. Wiki ya nne alikuwa amekaa juu ya gogo, ametulia kama maji mtungini, fisi maji alipojitokeza hatua tatu tu kutoka miguuni pake, samaki kinywani. Kaka alimtafuta mnyama huyo miaka yote, asiambulie ila nyayo. Sasa huyu hapa, ameshika samaki kwa mikono miwili kama mtu, anaanzia kichwani, mifupa inasikika ikivunjika, sharubu zinachuruzika maji. Mama Ndege aliogopa hata kumeza mate. Kamera ilikuwa mapajani, wala hakuikumbuka. Alichotaka ni kumwambia mtu, "Ona!" Bila kufikiri akageuza kichwa kushoto, kama vile kuna mtu amekaa naye.

Hapakuwa na mtu. Na fisi maji akauona mgeuko ule. Wakatazamana, mara mnyama akazama. Mama Ndege aliponyanyua kamera na kubonyeza, alipata viduara vya maji na mapovu.

Akachora hayo hayo. Siku kumi na moja alihangaika na rangi ya maji yanayojifunga, kijani iliyokolea kahawia, na mapovu yanayokimbilia kwenye matete. Alipompelekea fundi wa fremu, fundi alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mnyama yuko wapi?"

"Ameondoka."

Fundi akayatazama tena mapovu. "Ameondoka sasa hivi," akasema, na akaenda kutafuta fremu nyembamba nyeusi bila kuuliza.

Jumapili akamtumia kaka picha ya mchoro ule kwa simu. Hazikupita dakika mbili, kaka akapiga.

"Fisi maji!"

"Umejuaje?"

"Mapovu yamekwenda kwa mstari. Bata hafanyi hivyo. Miaka kumi na minane, mdogo wangu, na wewe umemwona kwa mwezi mmoja!" Akacheka mpaka akakohoa. "Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Hata mimi nilikuwa peke yangu kule," kaka akasema. "Ulidhani nina raha? Nikiona kitu, nilikuwa nawahi nyumbani nikuonyeshe wewe."

Siku zote Mama Ndege aliamini kwamba kaka ndiye aliyekuwa na dunia, na yeye ana chumba.

"Njoo basi," akasema.

"Nitakuja. Mvua zikikatika tu."

"Nitakungoja, kaka."

Wote wawili walijua miguu ile haitamaliza hata ngazi za kituo cha basi. Hawakulisema. Waliongea habari za dawa, za mkwe, za hali ya hewa, kisha wakaagana.

Asubuhi alirudi bwawani. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Alikaa hadi saa tano, hakuona mnyama yeyote, ila mvua ikitoboatoboa maji. Akapiga picha mbili za kumwonyesha kaka, akafuta lenzi, akaenda zake.