Chumba cha Masanduku

Siku Jael alipoacha kupokea simu, kaka yake Vincent alikuwa Jeddah, mtaa wa Balad, akipima nyumba kuukuu za mawe ya matumbawe. Alipiga mara sita. Mara ya saba akapokea madam aliyemwajiri Jael, akasema Jael halas, yaani amekwisha, akakata.

Vincent alikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya wahandisi. Mwaka juzi, huko Riyadh, tajiri mmoja alileta michoro aliyoinunua Uingereza: nyumba ya miaka ya mwisho ya Malkia Victoria, paa lenye mteremko mkali, dohani nne, ngazi ya nyuma ya watumishi. Alitaka ijengwe vile vile, mstari kwa mstari, na Vincent ndiye aliyeichora upya. Chini ya paa palikuwa na kijichumba cha kuwekea masanduku ya safari. Mhandisi aliuliza kama kipitishiwe kiyoyozi. Vincent akacheka, akasema masanduku hayatoki jasho. Wakakiacha.

Nyumba ilipokwisha, Vincent mwenyewe ndiye aliyemwombea dada yake kazi ya ndani humo, akajiona amemfikisha. Madam akaamua vyumba vya chini ni vya wageni. Jael akapandishwa kwenye masanduku.

Mwanzoni alitania. "Kaka, ulinichorea chumba ama jiko?"

Ilipofika Julai hakutania tena. Vincent akamwendea yule tajiri, bosi wa Jael, akamsihi dada yake ashushwe, alale hata sakafuni jikoni. Au yeye atoboe ukuta, aweke kiyoyozi kwa mkono wake. Bosi akajibu kuwa tundu litaharibu sura ya nyumba. Kesho yake akazungumza na mwenye ofisi, na Vincent akahamishiwa Jeddah.

Alirudi Riyadh kwa basi, akamkuta Jael mochari, midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Kutoka hapo akaenda hadi lango la ile nyumba. Bosi akatoka na mchoro, akaweka kidole pembeni, palipoandikwa jina.

"Nani alichora hii?"

"Mimi, baba."

"Ulichora kiyoyozi?"

"Hapana."

"Yalla. Kalie kwenu."

Lakini kwao hakuenda, maana pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwa kafili, mdhamini wake wa kazi. Mwili ulikaa wiki tisa ndipo ukasafirishwa peke yake hadi kwao Vihiga, ukazikwa na mama na majirani.

Katika kile chumba sasa analala Mitchelle, mtumishi mpya, wa Bungoma.