Ng'ombe Aliyetolewa Mara Moja

Kama kuna mwanaume aliyewahi kumchosha mke wake bila kulewa, bila kumpiga na bila kutoka nje, basi ni Bayingana wa milima ya juu ya Nyabiondo. Huyo kazi yake ni kutengeneza filamu. Nani alimtuma? Hakuna. Kampuni hana, mshahara hana. Ana kamera moja aliyoinunua Goma ikiwa imeshazeeka, imefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, na ana koti la mvua analovaa hata jua likiwaka, si kwa ajili yake, kwa ajili ya kamera.

Mke wake, Daphrose, alikuwa ameona mengi. Kuna safari Bayingana aliteremka mpaka Ntoto, kule Walikale, kupiga picha za msitu, akarudi na kamera imeingia ukungu. Picha hakuna, sauti tu. Unafikiri alinyamaza? Wapi! Aliita watu kanisani, akawaonyesha giza, nao wakakaa kimya wakisikiliza mvua ya Ntoto huku mvua ya Nyabiondo ikipiga mabati juu ya vichwa vyao. Mzee mmoja alitoka akisema filamu ni nzuri, ila inavuja.

Tena alikuwa na sheria zake. Ya kwanza, jambo linapigwa mara moja tu, halirudiwi, hata mtu akipiga chafya katikati. Ya pili, anayeigiza asijue kwamba anaigiza.

"Muntu akijua anacheza, uso wake unakufa," alimwambia mkewe.

"Endelea," Daphrose alimjibu. "Siku moja wewe njo utakufa."

Sasa, filamu hazikuwa zikiivisha maharage. Nyumba ile ilikuwa inakula kwa Bihogo, ng'ombe mwekundu ambaye Daphrose alipewa na baba yake alipoolewa. Maziwa ya Bihogo alikunywa mtoto wao Natacha, yaliyobaki yakawa fromaji, yaani jibini, na fromaji ndiyo iliyoleta chumvi, sabuni na karo ya shule. Bihogo akiondoka, hakuna kingine. Kila mtu mlimani alijua hivyo, isipokuwa labda mwenye koti la mvua.

Siku moja Daphrose alirudi kutoka soko la Nyabiondo jua likiwa bado juu, akakuta zizi tupu. Bayingana alikuwa amekaa kwenye jiwe, anacheka peke yake.

"Bayingana, ng'ombe iko wapi?"

"Daphrose, leo minapata sinema ya kweli! Muzee Gakwaya alilia. Machozi ya kweli!"

"Niliuliza ng'ombe."

"Iko kwake."

Akaeleza. Filamu ilihitaji tajiri anayempa maskini ng'ombe. Tajiri alikuwa yeye mwenyewe, kamera ikining'inia kifuani. Maskini alikuwa Gakwaya, yule mjane aliyekimbia vita akiwa na kundi zima akarudi kutoka kambini na fimbo tu. Na ili mambo yawe sawa, alimwita Papa Munyakazi, mkubwa wa wafugaji wa pale, awe shahidi. Maneno yote ya desturi yalisemwa. Maziwa yalinywewa kwenye kibuyu kimoja. Gakwaya alishukuru kwa kupiga magoti, akashika kamba, akaenda.

"Na ulimuambia kama ni filamu?"

"Ningemuambia, angelia?"

"Munyakazi je?"

Bayingana akaanza kufunga vifungo vya koti.

Yesu wangu! Daphrose hakusubiri neno lingine. Alitoka mbio kwenye njia ya kwenda kwa Gakwaya, mumewe nyuma yake akisema kesho angeeleza yote, kesho, taratibu. Njiani walimpitia Papa Munyakazi. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Ng'ombe iliyotolewa mbele ya watu hairudi kwa sababu muntu anasema alikuwa anacheza. Mimi nilikuwa pale, sikuona muchezo. Lakini kama filamu iko, tuione wote. Ikionyesha muchezo, nitasema ni muchezo."

Roho ya Daphrose ikatulia kidogo. Filamu ilikuwepo, basi ng'ombe angerudi.

Walimkuta Gakwaya ameshamjengea Bihogo ua wa matete, anamtoa kupe masikioni. Hakuelewa walichotaka, ila aliwakaribisha, na wote wanne wakainama juu ya kioo kidogo cha kamera.

Kwanza kikaonekana kiatu cha Bayingana. Kisha paa la nyumba yake. Kisha kiatu tena. Ndipo ikajulikana: asubuhi alikuwa ameijaribu kamera akasahau kuizima. Alipobonyeza kuanza, aliizima. Alipobonyeza kumaliza, aliiwasha. Maneno ya kutoa ng'ombe hayakuwemo, wala kibuyu, wala magoti.

"Bayingana," Daphrose alisema polepole, "Mungu akusamehe, maana mimi sitaweza."

Lakini picha ilikuwa inaendelea. Sauti ya Bayingana ikasikika, "Basi, imekwisha!" na mbele ya kifua chake akaonekana Gakwaya amesimama kando na Bihogo, akiamini kwamba hakuna anayemwangalia. Mzee alivua kofia. Akaegemeza paji la uso kwenye shingo ya ng'ombe.

"Kuya, mama," alimwambia, akimwita wafuatane. "Wenzako wote walinitoka mukononi. Wewe sitakuacha."

Kioo kikazima, betri imekwisha.

Gakwaya aliangalia kamera, akaangalia koti la mvua, na akaelewa kwamba siku ile alikuwa mchezaji tu wa filamu. Aibu ilimjaa. Hakusema neno baya. Alifungua kamba akaiweka mkononi mwa Daphrose.

"Peleka ng'ombe yako, Mama Natacha. Mimi sikujua."

Kamba ilikuwa mkononi. Hakuna ambaye angemlaumu, hata Munyakazi alikuwa ameinamisha macho. Bihogo mwenyewe alishageuza kichwa kuelekea nyumbani. Daphrose alimwonea mzee huruma, na hapohapo akajionea huruma mwenyewe, maana alimjua Bihogo tangu akiwa ndama.

"Papa Gakwaya," alisema, "huyu bwana yangu alikupa kitu kisicho chake. Ile haikuwa zawadi. Sasa mwenye ng'ombe njo anasema. Nakupa ng'ombe."

Mzee akainua kichwa.

"Maziwa ya asubuhi utaniletea, niko na mutoto. Ya jioni ni yako. Na ndama jike ya kwanza itarudi kwangu, vile desturi inasema. Papa Munyakazi, umesikia?"

"Nimesikia," Munyakazi alisema.

Daphrose akachukua kibuyu cha maziwa kilichokuwa kando ya ua, akanywa, akampa Gakwaya. Akarudisha kamba.

Nyuma yao kulikuwa na mtu anayehangaika. Bayingana alikuwa ameshabadilisha betri, uso umelowa machozi, anabonyeza hapa, anabonyeza pale.

"Daphrose, mupenzi... rudia kidogo tu. Haikuwa imewaka."

Daphrose alimgeukia, naye machozi yanamtoka wala hayafichi.

"Mara moja tu, Bayingana. Si njo sheria yako?"

Akashika njia ya nyumbani, mikono mitupu.